Neno refu la muganga: tulikate sawa muwa

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini limekwisha kusumbua jamaa nyingi: yale maneno marefu ya waganga. Unapewa karatasi, unaitazama, unaona neno lenye herufi 13 ao 15, unaikunja na kuitia mfukoni. Unasema moyoni: "Hii ni ya wenye walisoma." Basi, sikilizeni kwanza mambo yaliyotupata sisi nyumbani.

BARUA ILIYOLOWANA

Koko wetu ana ugonjwa wa sukari. Asubuhi moja alikunywa dawa yake, halafu akashika jembe na kwenda shambani bila kula kitu. Kabla ya saa sita akaanza kutetemeka. Jasho likamtoka, maneno yakamchanganyika, akatuita kwa majina ya watu waliokufa zamani. Tulimbeba mpaka kituo cha afya cha karibu. Muganga akapima damu, akampa maji ya sukari, na baada ya muda mfupi koko akafungua macho na kuuliza jembe lake liko wapi. Tukashukuru Mungu.

Muganga akaandika barua ya kumtuma kwenye hospitali kubwa, ili daktari aangalie upya dawa zake. Ndani ya barua kulikuwa neno moja refu: hypoglycémie. Tulipanda pikipiki mbili. Njiani mvua ikatupiga, na barua ikalowana ndani ya mfuko wa koti. Tulipofika, muganga wa pale akauliza:

– Koko alikuwa na shida gani?

Kaka yangu, mwenye alisoma kutupita sisi wote, akajibu haraka:

– Ni iperglisemi, muganga.

– Njo kusema sukari ilipanda?

Tukatazamana. Kaka akanyamaza. Mimi nikasema:

– Sijue, muganga. Tuliona tu anatetemeka.

Yule muganga hakutucheka. Alitoboa kidole cha koko na kupima mwenyewe. Kisha akakunjua ile barua polepole juu ya meza, akatuonyesha kwa biki: "Tazameni. Huyu mwenzangu hakuandika iper. Aliandika ipo. Iper ni juu, ipo ni chini. Kama ningefuata maneno yenu tu, ningefikiri koko anahitaji dawa ya kushusha sukari, na kumbe sukari ndiyo ilishuka ikamwangusha."

Herufi chache tu! Tangu siku ile nilielewa kwamba neno la muganga si pambo la karatasi. Muganga wa kwanza analiandika, muganga wa pili analisoma, lakini katikati yao kuna njia ya matope, mvua na mito, na katika njia ile mwenye kulibeba ni mgonjwa na jamaa yake. Karatasi ikipotea, kinywa chetu ndicho kinachobaki.

SISI NI WATU WA MANENO MAREFU

Wengine watasema: "Maneno haya yanatushinda juu ni ya Wazungu." Je, ni kweli? Fikiri kidogo. Mtoto wa miaka 4 anamwambia mama yake: "Nitakusindikiza." Neno hili lina herufi 15, hesabu yenyewe. Hata hivyo mtoto halichoki, kwa sababu amelipokea kwa vipande: ni-, ndiye mimi, -ta-, bado haijafanyika, -ku-, ndiye wewe, halafu -sindikiza, kazi yenyewe. Na mwalimu akisema "hatukuwatembelea", hakuna mwanafunzi anayekimbia. Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda, Kitembo, Kikumu, luga hizi zote zinajenga maneno kwa namna hiyohiyo, kipande juu ya kipande.

Waganga wanafanya vilevile. Wao walichukua vipande kutoka Kigriki na Kilatini, luga za zamani, wakaviunganisha. Hypoglycémie ni vipande vitatu: hypo, chini, glyc, kitu kitamu, ndiyo sukari, na -émie, damu. Ukiviweka pamoja unapata: sukari iko chini ndani ya damu. Ni maneno sita ya Kiswahili yaliyobanwa ndani ya neno moja.

Basi neno refu ni sawa muwa. Hakuna mtu anayetia muwa mzima kinywani. Tunaukata pingili kwa pingili, tunatafuna moja, tunashika ingine. Na muwa wa muganga unakatwa kwa namna mbili: kwanza kwa kinywa, ili tuutamke; halafu kwa akili, ili tuuelewe.

KUKATA KWA KINYWA

Tulipoanza masomo, mwalimu aliandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu, na darasa zima likaimba. Ile ndiyo dawa yetu hata leo. Kila mahali unaposikia sauti ya a, e, i, o ao u, hapo pana kipande kimoja. Piga mkono mara moja kwa kila kipande. Paracétamol: pa-ra-se-ta-mol, mikono 5. Rifampicine, dawa ya kifua kikuu: ri-fam-pi-sin, mikono 4. Cotrimoxazole: ko-tri-mo-ksa-zol, mikono 5.

Shida inatoka kwa maandiko ya Kifaransa, kwa sababu hayafuati sauti sawa Kiswahili. Shika haya machache:

– H ya mwanzo haisikiki. Hypo inasomwa ipo, hépatite inasomwa e-pa-tit.
– Y inasomwa i. Ph inasomwa f. Th inasomwa t.
– C mbele ya e, i ao y inasomwa s. Mbele ya a, o, u inasomwa k.
– Ch ni mdanganyifu. Katika bronchite inasomwa sh: bron-shit. Katika choléra inasomwa k: ko-le-ra. Hapa uliza tu.
– S iliyo katikati ya vokali mbili inasomwa z. Ndiyo maana tuberculose ni tu-ber-ku-loz, na césarienne ni se-za-rien.
– X inasomwa ks.

Kama neno bado linakushinda, lishike kwa mkia. Anza na kipande cha mwisho, halafu ongeza kimoja mbele yake, kimoja tena, mpaka ufike kichwani. Tujaribu métronidazole:

zol
da-zol
ni-da-zol
tro-ni-da-zol
me-tro-ni-da-zol

Unaona? Kila mara unapomaliza, unamalizia kwenye vipande ambavyo ulimi umekwisha kuvizoea, na hauchoki njiani. Waimbaji wa kwaya wanajua siri hii: mustari mgumu wa wimbo, wanaujifunza kutoka mwisho wake. Hata wale vijana wanaosoma Maandiko mbele ya kanisa wanaijua. Siku ya kusoma Isaya sura ya 8, kijana anakuta jina la mtoto wa nabii, Maher-shalal-hash-bazi. Asipolitayarisha nyumbani, atasimama pale sawa mtu aliyefika kwenye mto usio na daraja. Akilikata vipande vinne usiku, asubuhi anavuka bila shida.

KUKATA KWA AKILI

Sasa tuingie ndani ya maana. Vipande vya waganga vinarudi-rudi. Ukijua 10 ao 15 hivi, utafungua maneno mengi sana. Tuanze na vichwa vya maneno:

– Hyper: juu, kupita kipimo. Hypertension (i-per-tan-sion), mkazo wa damu umepanda.
– Hypo: chini, pungufu. Hypotension (i-po-tan-sion), mkazo umeshuka. Kwa kukumbuka, useme: "Ipo chini."
– An- ao a-: pasipo, upungufu. Anémie (a-ne-mi), upungufu wa damu.
– Hépat-: ini. Gastr-: tumbo la chakula. Pneumo-: pafu. Cardi-: moyo. Derm-: ngozi.

Na mikia:

– -ite: mahali pamevimba na kuwaka. Hépatite, ini linawaka. Gastrite, tumbo la chakula linawaka. Méningite (me-nen-jit), ngozi nyembamba inayofunika ubongo inawaka. Huu ni ugonjwa wa kukimbiza hospitalini bila kungoja kesho.
– -émie: ndani ya damu.
– -ectomie: kukata na kuondoa. Appendicectomie, kuondoa kile kidole cha utumbo kinachoitwa appendice.
– -scope: chombo cha kutazama ao kuchunguza. Stéthoscope, kile muganga anachotia masikioni, kinatoka kwa neno la Kigriki la kifua. Mufaransa René Laennec alikitengeneza cha kwanza mwaka 1816, na kilikuwa bomba tu la mti.
– -graphie: kuandika, kuchora. Échographie (e-ko-gra-fi).

Tusimame kidogo kwenye hili la mwisho, kwa sababu mama wengi wenye mimba wanaliogopa. Wengine wanafikiri ile mashini inachoma mtoto. Tazama vipande: écho ni mwangwi, graphie ni kuchora. Mtoto anayechunga ng'ombe katika milima ya Masisi anaita kutoka mlima huu, na sauti yake inagonga mlima ule, inamrudilia. Mashini ya échographie inafanya vilevile. Inatuma sauti ambayo sikio la mtu halisikii, sauti inagonga mtoto ndani ya tumbo na kurudi, na mashini inachora picha kutokana na mwangwi ule. Hakuna moto, hakuna sindano. Jina lenyewe lilikuwa limetuambia, lakini hatukulikata.

Si kila jina linatoka kwa Wagriki. Kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto anayevimba miguu na uso kwa kukosa chakula cha kutosha, ni jina la Kiafrika. Linatoka katika luga ya Ga, kule Ghana. Daktari mwanamke Cicely Williams alilipeleka katika gazeti la waganga The Lancet mwaka 1935. Wenyeji walimweleza kwamba ni ugonjwa unaomkamata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa na kumwondoa kwenye ziwa la mama. Hapa kwetu Kivu, wengi wanauita bwaki. Kumbe mama wa Ghana na mama wa Kivu waliona jambo moja, na waganga wa dunia nzima wakafuata jina la mama Mwafrika: kwa-shi-or-kor.

MIKIA INAYOOKOA MAISHA

Wengine watauliza: "Hata nikijua mikia, itanisaidia nini?" Tazama majina ya dawa. Tangu mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani, OMS, linatangaza majina ya dawa ya kutumiwa na inchi zote, na dawa za ukoo mmoja mara nyingi zinapewa mkia mmoja.

Shika mkia -cilline (si-lin): pénicilline, ampicilline, amoxicilline, cloxacilline. Hawa wote ni ndugu. Kuna watu ambao mwili wao unakataa pénicilline. Wakiipata, ngozi inawasha na kutoka madoa, uso ao midomo inavimba, na wengine wanashindwa kupumua. Hali hiyo inaweza kuua. Mtu wa namna hiyo akipewa amoxicilline bila kujua, amepewa ndugu ya adui yake. Basi kama mtoto wako alivimba hivyo siku moja kisha kupigwa pénicilline, kila mara unaposikia si-lin, ufungue kinywa: "Muganga, tafazali, huyu mtoto mwili wake ulikataa pénicilline." Usingoje muganga akuulize. Na zaidi, sema hivyo hata kama husikii mkia ule, maana kuna dawa zingine za karibu ambazo jina lao ni tofauti. Muganga ndiye anayezijua.

Tazama tena mbili hizi: métronidazole na mébendazole. Zinaanza karibu sawa, zinaishia karibu sawa. Mtu mwenye haraka, ao mwuza dawa katika taa hafifu, anaweza kushika moja kwa ingine. Lakini kata: me-tro-ni-da-zol, me-ben-da-zol. Mkia -nidazole ni wa dawa za amiba na vijidudu vingine. Mkia -bendazole ni wa dawa za minyoo, na ndugu yake ni albendazole, ambayo watoto wengi walipewa kwenye masomo. Mwenye amiba akipewa ya minyoo, ugonjwa wake unabaki na franka zake zimekwenda.

Pia mujue kwamba kartoni nyingi zinazofika kwetu zimeandikwa kwa Kiingereza. Hapo amoxicilline inapoteza e ya mwisho, inakuwa amoxicillin. Dawa ni ileile. Ukikata vipande utaona kwamba mwili wa neno haukubadilika.

Lakini tusidanganyane: kujua jina la dawa si ruhusa ya kujinunulia. Tunajifunza majina ili tuelewane na muganga, wala si ili tuwe waganga wa kioski.

NENO LA HERUFI 45

Vijana wanapenda mashindano, basi leo tunawapa moja. Mwaka 1935, huko Marekani, bwana Everett Smith, mkubwa wa chama cha watu wanaopenda mafumbo ya maneno, alitunga neno refu kupita yote. Aliliunga kwa mchezo tu, lakini likaingia ndani ya kamusi za Kiingereza. Kwa Kifaransa linaandikwa hivi:

pneumonoultramicroscopicosilicovolcanoconiose

Herufi 45! Usikimbie. Shika kisu cha muwa:

pneu-mo-no: pafu
ul-tra: kupita
mi-kro-sko-pi-ko: kidogo sana, cha kuonekana kwa mikroskopi
si-li-ko: silika, kitu kilicho ndani ya mawe magumu na mchanga
vol-ka-no: volkano
ko-nioz: ugonjwa wa vumbi

Vipande 6 tu. Maana yake: ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi laini sana la silika kutoka volkano. Sisi wenye tunaishi karibu na Nyiragongo, tulioona moto wake ukiingia Goma mwaka 2002, hatukosi kutabasamu. Mtu wa mbali alitunga fumbo, na ndani yake mna mlima wetu.

Lakini hapa mchezo unakwisha, kwa sababu ugonjwa wa vumbi la mawe si fumbo. Jina lake la kweli ni fupi: silicose, si-li-koz. Mtu anayepasua jiwe jeupe lenye kung'aa, lile la quartz, anarusha vumbi lenye silika. Coltan ya Rubaya, kasiterite ya upande wa Bisie, zahabu ya mahali pengi, madini haya mara nyingi yanakaa pamoja na mawe ya namna hiyo. Vumbi linaloonekana kwa macho si lile baya kupita yote. Baya zaidi ni lile lisiloonekana, kwa maana linafika chini kabisa ndani ya pafu na halitoki tena. Baada ya miaka pafu linakuwa gumu, mtu anakohoa, anapanda kilima kidogo na pumzi inamwisha. Hakuna dawa inayorudisha pafu lile sawa mwanzo. Na mwenye silicose anakamatwa upesi na kifua kikuu kuliko mtu mwingine.

Sasa neno linaingiaje hapa? Linaingia hivi. Kijana wa mashimo anafika kwenye kituo cha afya, anasema tu: "Nakohoa." Anatibiwa kikohozi, anarudi shimoni. Lakini kama angesema: "Muganga, ninapasua mawe tangu miaka 6, ninakohoa, naogopa si-li-koz, tena naomba munipime tu-ber-ku-loz," muganga angejua mahali pa kuanzia. Maneno mawili yaliyotamkwa vizuri yanaweza kumwokolea miezi ya kutibiwa ugonjwa usio wake.

Na kwa wale wanaoingia shimoni kesho asubuhi: mwageni maji juu ya jiwe kabla ya kulipiga, maana jiwe lililolowana halirushi vumbi sana. Fungueni njia ya hewa. Kitambaa puani kinazuia vumbi kubwa, lakini lile laini linapita. Wazazi, musiwaache watoto wakae kando ya mahali wanapotwanga mawe.

TUSIMCHEKE MWENYE ULIMI MWINGINE

Kuna jambo lingine linalowafunga watu vinywa: haya. Mama anajua jina la dawa, lakini anaogopa kulisema vibaya mbele ya watu kwenye benchi. Mara nyingine vijana wenye wamesoma wanamcheka, na yeye ananyamaza. Je, nani ameumia? Ni mtoto aliye mgongoni.

Mnakumbuka habari ya Waamuzi sura ya 12. Watu walisimamishwa kwenye vivuko vya Yordani, wakaambiwa watamke neno moja, Shibolethi. Mwenye alisema Sibolethi aliuawa. Kwa sauti moja tu wakafa watu 42,000. Hapa kwetu tunajua uchungu wa mtu kupimwa kwa ulimi wake. Kwa hiyo sisi tusigeuze benchi ya hospitali kuwa kivuko cha Yordani.

Ulimi wetu unapenda vokali mwishoni mwa neno. Tunasema parasetamoli, kolera, malaria, hospitali. Si kosa. Ndivyo Kiswahili kilivyokula maneno ya wageni tangu zamani na kuyafanya yake: daktari, shule, meza. Mwenye kusema metronidazoli ameongeza i moja tu, na muganga amemwelewa. Lakini mwenye kusema iper mahali pa ipo amegeuza ugonjwa. Basi tutenganishe mambo haya mawili: sauti ya kwetu haiuzi mtu, lakini kipande kilichobadilishwa kinaweza kuua. Ongeza vokali yako kwa amani, ila usiache kipande njiani wala usibadili kimoja kwa kingine.

KUULIZA SI UJINGA

Ndivyo mezali inavyosema. Siku ile, kabla ya kuondoka hospitalini, koko mwenyewe alimwambia muganga: "Mutoto wangu, uniambie hii neno polepole, nami nirudilie." Muganga akasema ipo. Koko akasema ipo. Muganga akasema gli. Koko akasema guli. Wote wakacheka, koko wa kwanza. Mara ya tatu alilisema lote. Leo, akiona mtu amechelewa kuleta chakula, anatutisha: "Munataka ipoguli-semi inirudilie?" Nyumba nzima imelijua neno lile, hata mjukuu wa miaka 5. Na mjukuu anajua pia la kufanya koko akianza kutetemeka akiwa bado anaweza kumeza: kumpa sukari upesi na kuita watu. Akishindwa kumeza, wasimmiminie kitu kinywani, wamkimbize kwa muganga.

Basi, jamaa za wakristo, tunawashauri haya:

1. Kila nyumba iwe na kaye moja ya afya. Muandike humo jina la ugonjwa, jina la dawa na tarehe. Muiweke ndani ya plastiki, juu ya mvua.

2. Mukipewa jina jipya, musiondoke bila kumwomba muganga alitamke, nanyi mulirudilie mbele yake. Muulize: "Maana yake nini kwa Kiswahili?"

3. Musitupe kartoni ya dawa kabla ya kupona. Muende nayo mukirudi hospitalini.

4. Kama mgonjwa hajui kusoma, kijana mmoja ashike kazi ya kuwa kinywa chake. Hii ni huduma kubwa, sawa kumbebea maji.

5. Jioni, karibu na moto, mucheze mchezo wa mikono. Mmoja anasema neno, wengine wanalikata kwa kupiga mikono, halafu wanalijenga kutoka mkiani. Mwenye kushindwa ataleta kuni.

MAULIZO YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

– Katika nyumba yetu, nani anakunywa dawa kila siku? Je, sisi wote tunaweza kutamka jina lake?

– Je, kuna mmoja wetu ambaye mwili wake ulikataa dawa fulani? Jina lake limeandikwa wapi?

– Kateni maneno haya kwa kinywa, halafu kwa akili: hyperglycémie, cardiologie, dermatite. (Kwa msaada: -logie ni elimu.)

– Nani kati yetu ataweza Jumapili kutamka lile neno la herufi 45 bila kutazama karatasi?